Nilimwambia Mwanangu Kwamba Pötyi Si Yeye

Shangazi Vilma mpendwa,

Naomba unisaidie, na kama utanigombeza nigombeze tu, maana hapa nyumbani hakuna anayenigombeza, wote wananiambia nimefanya vizuri, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya picha vya watoto, naishi Baja, nina mume anaitwa Ottó ambaye anafanya kazi posta, na mtoto mmoja, Vince, aliyeingia darasa la kwanza mwaka huu. Ukiichapa barua hii gazetini, tafadhali badilisha majina yetu.

Vince tangu ajue kutembea alipenda vitu vinavyozunguka, na alipokuwa chekechea alimwona mama mkwe wangu, Piroska, amevaa aproni yake ya zamani ya kitambaa cha buluu chenye madoa meupe, akaishika hataki kuiachia, akalia mpaka akatapika, basi Piroska, ambaye kwa kweli ana roho nzuri, akaikata ile aproni akamshonea sketi, akasema, "Mwacheni avae, ataichoka kabla haijafuliwa mara mbili," lakini hakuichoka, kila akirudi kutoka chekechea anaivaa, anazunguka uani mpaka kuku wanakimbia, anaanguka, anacheka, anainuka, anazunguka tena, na Ottó akitoka kazini alikuwa anazunguka naye na mkoba wa barua ukiwa bado begani. Tukawa tunamwita Pötyi, yaani Madoadoa. Nikamchora. Sikuwaza siasa wala nini, nilimchora mwanangu anavyozunguka, nikaandika maneno machache chini ya kila picha, na kitabu kikatoka kikiitwa *Pötyi Anazunguka*.

Sasa nisikilize hapa, Shangazi, maana balaa lote limeanzia hapa. Katika kitabu kizima sikuandika popote kama Pötyi ni mvulana au msichana. Si kwa ujanja, au labda kwa ujanja kidogo, sijui tena, lakini lugha yetu unaijua, kwetu yeye ni yeye, hakuna yeye wa kiume na yeye wa kike, unaweza kusimulia habari za mtu kutwa nzima na anayekusikiliza asijue kama ni mama au baba. Watu waliona mtoto mwenye sketi, wakajua ni msichana, hakuna aliyeuliza na mimi sikumwambia mtu. Piroska ana duka la vitabu karibu na kituo cha mabasi, akamweka Pötyi dirishani, mbele kabisa, kila mteja akiingia anaambiwa, "Hicho kimeandikwa na mkwe wangu, usipite hivi hivi." Na Vince akipita hapo na wenzake anawaonyesha kwa kidole, "Yule ni mimi," wenzake wakidhani anatania.

Halafu Wajerumani wakakitaka kitabu, nikafurahi sana, na mtafsiri wa kule, mama mmoja mpole, akaniandikia akiniuliza swali moja tu: Pötyi ni wa kiume au wa kike, maana kwao huwezi kusema yeye bila kuchagua yeye yupi, akasema anaweza kukwepa mara moja mbili kwa kuandika "mtoto" lakini akikwepa kitabu kizima hakitasomeka. Nilizunguka na swali hilo kichwani nikipika, nikifua, nikimvalisha Vince soksi. Ningeweza kujibu msichana yakaisha. Lakini niliona kule ni mbali, nani wa huku atakayekisoma, na nilitaka, sijui nikuambieje, nilitaka mwanangu awe mwanangu walau mahali pamoja hata kama ni ugenini, nikamjibu: ni mvulana.

Niliwasahau Waswabi. Mtu wa Baja anawasahauje Wajerumani wetu wenyewe sijui, wakati nusu ya mtaa wetu bibi zao walisali Kijerumani mpaka wakafa! Jirani yetu Mwalimu Rézi, aliyestaafu kufundisha hicho hicho Kijerumani, ana dada yake kule Ulm, Ujerumani, na dada mtu akamtumia kitabu kama zawadi, na Rézi kwa furaha yake, nakuapia hakuwa na ubaya hata chembe, siku ya supu ya samaki, mji mzima uko uwanjani, masufuria ya supu nyekundu yanachemka, tambi zinachotwa, akapaza sauti kutoka meza ya pili:

"Emőke! Nimekisoma Kijerumani! Kumbe Pötyi ni mvulana! Na mimi muda wote nasema kasichana, kasichana, ona nilivyo mjinga!"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.

"Mvulana na sketi?" akauliza mtu.

"Si yule Vince wa posta?" akasema mwingine. "Mbona kitambaa nakifahamu, aproni ya Piroska ile."

"Kuleni, supu inapoa," akasema Ottó, na uso wake ulikuwa mwekundu kuliko supu.

Baada ya hapo hakuna aliyenitukana, Shangazi, ingekuwa afadhali. Mwalimu wa Vince alikuwa amenialika niwasomee watoto darasani, akanipigia kwa upole kabisa kwamba wameahirisha, na alipoulizwa mpaka lini akasema mpaka watakaponijulisha. Mama mmoja alimwalika Vince sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe kisha akasema mtoto anaumwa, na tukasikia muziki kutoka uani kwao. Na Piroska akaanza kuogopa ile sheria, unaijua, kwamba vitabu vya namna hiyo, vya wavulana kuwa kama wasichana, haviwekwi dirishani na lazima viuzwe vimefungwa, na duka lako likiwa karibu na shule au kanisa huruhusiwi kuviuza kabisa. Hakuna aliyekuja kumwamuru. Hakuna mtu aliyejua kama kitabu changu ni cha namna hiyo au si cha namna hiyo. Nilimwambia, "Mama, ni mtoto anazunguka tu," akanijibu, "Mwanangu, wewe ni mchoraji, wakija hawatakuja kwako, watakuja kwangu mimi mwenye mlango." Akachukua nailoni ya jikoni, ile ya kufungia nyama, akaanza kuvifunga kimoja kimoja.

Siku hiyo nilikuwa nimemchukua Vince shuleni tukapita dukani kama kawaida, na Piroska yuko kaunta anafunga, na wateja wapo, mmoja mama mwenye kikapu ninayemjua kwa sura tu. Vince akasimama.

"Bibi, mbona unamfunga Pötyi kama soseji?"

Piroska akainamia nailoni yake. Yule mama mwenye kikapu ndiye aliyemjibu, na hakumjibu kwa ukali, alimjibu kama mtu anayemsaidia mtoto kuelewa:

"Vitabu vichafu hufungwa, kipenzi, watoto wasivishike."

Vince akamwangalia, akaangalia mikono yake, nakuapia Shangazi aliangalia viganja vyake vyote viwili, akasema, "Lakini Pötyi ni mimi."

Yule mama akamtazama Vince kuanzia juu mpaka chini, kisha akanigeukia mimi, na Piroska akanitazama, na mimi, sijui mdomo wangu ulitumwa na nani, nikacheka, nikasema, "Hapana, Vince, wewe naye! Pötyi si wewe. Pötyi ni msichana."

"Aah, ni msichana!" akasema yule mama. "Sasa mnamfungia nini maskini?"

Piroska akaanza kuchana nailoni pale pale, anacheka huku machozi yanamtoka, "Ni msichana, bila shaka ni msichana, Rézi na Kijerumani chake!" na yule mama akanunua kimoja, akaomba nimwandikie jina la mjukuu wake, na mimi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Vince alisimama kando ya mlango akifunga zipu ya koti lake, akaifungua, akaifunga.

Toka siku hiyo kitabu kimerudi dirishani, Ottó analala vizuri, Piroska amempigia mchapishaji mwenyewe, na mchapishaji amefurahi, anasema watakichapa upya na kwamba tuongeze neno moja tu kwenye ukurasa wa kwanza, msichana, ili mtu asiulize tena, wananisubiri mimi nikubali. "Neno moja, Emőke," Ottó ananiambia. "Neno moja tu, tupumue." Na Vince mwenyewe nilipomuuliza alikuwa anakula, hakuacha kula, akasema, "Andika tu, Mama. Pötyi ni msichana, mimi si msichana, kwa hiyo si mimi."

Sketi haivai tena. Juzi nimeikuta kwenye rafu ya chini ya kabati lake, ameikunja vizuri, ameifunga kwa nailoni aliyoitoa dukani kwa bibi yake, amezungushia utepe wa gundi pande zote. Nikamuuliza ni nini hii, akasema, "Ya Pötyi. Atakuja kuichukua."

Niambie, Shangazi. Nikubali lile neno au nikatae? Nikikubali kitabu kinaishi na mji unatuacha. Nikikataa kinarudi kwenye nailoni na mama mkwe anarudi kwenye hofu, na sijui kama mtoto ataona tofauti yoyote.

Mchoraji wa Baja

*

Mama wa Vince,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilipofika kwenye sketi nikaiweka chini, nikaenda kusimama dirishani mpaka kahawa ikapoa. Nakupa pole, tena kwa moyo wote. Sasa kaa vizuri, maana umeomba kugombezwa mwenyewe.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyotaka, ingawa watu wa Baja watakutambua wakifika kwenye supu. Mhariri wangu naye alikuja mezani kwangu na barua yako, akasema, "Vilma, huwezi kumfanya mtoto awe wa kike? Habari itabaki ile ile." Nikamwambia airudie hiyo sentensi polepole ajisikie anachosema. Ndiyo maana leo umetusoma ukurasa wa nyuma, pamoja na matangazo ya matrekta.

Tuanze na uliyoniuliza. Usikubali. Mpigie mchapishaji leo, umwambie hapana, na usimpe hotuba. Nailoni ni ya jikoni, mtu mwenye kucha anaichana. Neno likishachapwa kwenye ukurasa wa kwanza halichaniki, na mwanao anajifunza kusoma mwaka huu. Ulilifikiria hilo? Darasa la kwanza, mama. Kitabu cha kwanza atakachojisomea mwenyewe kitakuwa hicho, na kitamwambia kwa mkono wa mama yake kwamba hakuwahi kuwamo.

Na huyo mtoto umemuuliza yeye! Anakula chakula chake, umemwekea mezani jambo lililowashinda wewe, baba yake, bibi yake na mchapishaji. Alikupa jibu ulilotaka kwa sababu alikuona unalitaka. Usimuulize tena. Hilo si jambo la kupigiwa kura.

Mwalimu Rézi mwache. Kama unavuka barabara ukimwona, na najua unavuka, acha. Alifurahi, akasema alichosoma. Mtafsiri naye mwache, aliuliza swali la haki na wewe ukampa jibu la haki, ndiyo sentensi moja ya kijasiri katika barua yako yote. Tatizo lako ni kwamba ulitaka ukweli uishi Ujerumani na wewe uishi Baja. Lugha yetu inatusitiri, ndiyo, na mimi naipenda kwa hilo, lakini wewe ulijificha humo mpaka ukasahau kwamba mtoto yuko nje, anawaonyesha wenzake kwa kidole.

Mama mkwe wako usimlazimishe kuwa shujaa. Duka ni lake, mlango ni wake, na woga wake si wa kuchekwa. Kama atafunga tena, afunge. Lakini kaa naye, umpe masharti mawili: asifunge mbele ya mtoto, na mtoto akiuliza asimwachie mteja amjibu. Aseme yeye mwenyewe, "Bibi anaogopa." Mtoto anaweza kumwelewa bibi anayeogopa. Hawezi kuelewa kwa nini yeye ni mchafu. Mwanamke aliyekata aproni yake mwenyewe ataliweza hilo, na kama hataliweza, basi utajua unamwacha Vince kwa nani mchana.

Ottó anataka kupumua. Mwambie shangazi mmoja wa gazetini amemuuliza: mara ya mwisho kuzunguka uani ilikuwa lini? Simwombi avae sketi. Namwomba asimwachie mtoto wake adhani kwamba baba anapumua vizuri zaidi Pötyi akiwa hayupo.

Yule mama mwenye kikapu sina habari naye. Watu kama yeye ninao wa kutosha, kila asubuhi wananipigia simu kahawa ikiwa mkononi.

Sasa nije kwenye kile ambacho hukuniuliza. Uliniandikia kurasa za mtafsiri na supu na sheria, na mwanao aliyeifunga sketi yake ukamweka mwishoni kabisa, karibu na sahihi. Hapo ndipo barua ilipotakiwa kuanza. Mtoto alisimama mbele ya watu akasema, huyu ni mimi, na mtu mmoja duniani aliyejua kwa hakika kwamba anasema kweli akacheka, akasema si wewe. Amekuamini. Watoto wa umri huo wanaamini. Hakuifunga ile sketi kwa hasira, ndugu yangu, ameifunga kwa sababu umemwambia ni ya mtu mwingine, na yeye ni mtoto mwenye adabu, anamtunzia mwenyewe vitu vyake.

Usiende kuifungua. Usiitoe kabatini ukamletea kwa machozi umwombe aivae, hiyo itakuwa kwa ajili yako. Inawezekana hataivaa tena maisha yake yote. Inawezekana angeacha hata kama hakuna kilichotokea, watoto huacha vitu, na sasa hutajua kamwe, na huko kutojua utaishi nako. Wala usianze kumtafutia mwanao jina, kwamba yeye ni nani, yeye ni kitu gani, atakuwa nani akikua. Siku ikifika atakuambia, kama atakuwa bado anakuambia mambo. Kazi yako sasa ni hiyo ya mwisho tu, kwamba aendelee kukuambia mambo.

Leo akitoka shule, mkalishe, Ottó awepo na Piroska awepo, maana ulimkana mbele ya watu, usijirudi sirini. Mwambie: "Pale dukani nilisema uongo. Pötyi ni wewe. Nilikuchora wewe." Maneno hayo, basi. Usimwambie kila kitu kitakuwa sawa, kwa sababu darasani hawatakualika, na sikukuu nyingine atausikia muziki wake akiwa uani kwenu. Usitegemee akukumbatie. Anaweza kuuliza kama anaweza kwenda kucheza, mruhusu.

Na anaweza kukuuliza kwa nini ulisema vile. Hapo ndipo ninapokuogopea, kwa sababu nimeona jinsi unavyoandika. Usimtajie sheria. Usimtajie bibi, wala mteja, wala Kijerumani. Mwambie uliona haya, na kwamba haya hiyo ilikuwa yako, haikuwa yake. Kisha funga mdomo, ukae naye hapo hapo, hata kama hatasema kitu.

Shangazi Vilma